Shimo Lisilo na Mchimbaji: Wakanda Ikitazamwa kutoka Meru

Filamu ipendwayo na wengi huzaa hadhira mbili: hadhira inayoitazama, na hadhira inayoitoboa. *Black Panther*, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa Februari 2018, ilizipata zote mbili kwa wingi. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 ulimwenguni, na mwaka 2019 ikatunukiwa Oscar tatu. Afrika Mashariki iliipokea kama arusi ya nyumbani. Kisumu, mji unaohesabiwa kuwa kwao Lupita Nyong'o, ulifanyiwa onyesho la heshima mwezi huo huo wa Februari. Vigelegele vilipotulia, maswali yakaanza.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Wakanda ni nchi ya Kiafrika iliyoangukiwa na kimondo chenye madini yasiyo na kifani, vibraniumu. Kwa madini hayo watu wake wamejenga mji wenye vyombo vya kuruka na tiba za ajabu, kisha wakajifunika kwa pazia la mwanga ili walimwengu wawadhanie kuwa maskini wa mifugo na mashamba. Mfalme kijana, T'Challa, anarithi kiti. Binamu yake aliyekulia Marekani, Killmonger, anakuja kukidai, anakitwaa, na mwishowe anauawa.

Watazamaji wenye jicho kali waliyaorodhesha matobo. Vipi taifa lenye elimu iliyoupita ulimwengu mzima humchagua mtawala wake kwa kupigana miereka ukingoni mwa maporomoko? Vipi mgeni aingie leo akiwa na maiti ya adui begani, na kesho akabidhiwe silaha zote za nchi? T'Challa alipotupwa majini, kwa nini hakuna aliyeutafuta mwili? Na nchi iliyofichwa bara, kwa nini inasema Kixhosa cha kusini, huku walinzi wake wa kike wakivaa wekundu na shanga za Kimasai, malkia wake kofia ya Kizulu, na mashujaa wake wa mpakani mablanketi ya Kisotho? Mkenya Patrick Gathara aliandika katika gazeti la Washington Post, mwezi ule ule wa kutoka kwa filamu, kwamba picha hiyo ya Afrika ni kongwe na ya kikoloni: makabila, ugomvi wa kifalme, na ukosefu wa fikra mpya juu ya namna ya kurithishana madaraka.

Maswali hayo yanastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa, na kipimo kipo karibu. Tangu zamani watu wa pwani wameisikiliza habari ya Fumo Liyongo bila ya kuuliza kwa nini mwili wake ulishindwa na sindano ya shaba pekee, tena kitovuni. Ajabu ile ni sharti la hadithi. Anayeikataa na aondoke barazani. Walichouliza ni kwa nini mwana akubali kumwua baba, na masimulizi hayakuliacha swali hilo likining'inia: kijana alighilibiwa kwa ahadi kubwa, na baada ya kitendo hakuipata. Ndiyo kanuni ya wasikilizaji wetu. Ajabu husamehewa, sababu haisamehewi. Washairi nao wana neno lao, utoshelevu. Ubeti unaweza kutimiza vina na mizani, usiwe guni hata kidogo, na bado ukamwacha msikilizaji na njaa kwa kuwa jambo lililoanzwa halikukamilishwa.

Kwa kanuni hiyo matobo mengi ya Wakanda yanazibika. Miereka ya kiti cha enzi ni sharti la hadithi, na filamu yenyewe inaitumia kwa haki: T'Challa anaporudi anadai kwamba hakusalimu amri wala hakufa, basi pambano halijamalizika. Mchanganyiko wa mavazi na lugha nao si kosa la kumtoa mtu roho. Kixhosa kiliingia kwa sababu John Kani, aliyemwigiza mfalme mzee katika filamu ya 2016, alikuja na lugha ya mama yake. Na msomaji wa Kiswahili, ambaye ulimi wake umefumwa kwa nyuzi za bara na za ng'ambo, hana sababu ya kuogopa mfumo wa nyuzi nyingi. Na lile swali kubwa kuliko yote, kwamba Wakanda ilikuwa wapi wakati Waafrika wakisafirishwa utumwani, Coogler na mwenziwe Joe Robert Cole hawakulikimbia. Walilitia kinywani mwa Killmonger. Swali la mtazamaji limekuwa kauli ya adui, na mfalme mwema hana jibu isipokuwa kubadilika. Hapo filamu imejitosheleza vizuri.

Pasipotosheleza ni mahali ambapo wachache walipatazama. Pambano la mwisho linafanyika ndani ya mgodi, baina ya reli za treni ziendazo kwa kasi ya umeme. Utajiri wote wa nchi umetoka katika shimo hilo, na watu wawili wa damu moja wanauana humo kwa ajili yake. Lakini wachimbaji ni nani? Wanalipwa nini? Wanaishi wapi? Katika filamu ya saa mbili na zaidi, hakuna mchimbaji aliyepewa jina wala neno la kusema. Mwanasayansi ana jina, mlinzi ana jina, mpelelezi ana jina, hata mwizi wa madini ana jina na wimbo. Madini yanatokea, kama mvua.

Mtazamaji wa Dar es Salaam au wa Atlanta anaweza kupita asistuke. Wa Arusha hapiti. Kusini-mashariki ya mji huo, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ipo Mererani katika Wilaya ya Simanjiro, sehemu ndogo ya ardhi ambayo hadi leo ndiyo pekee duniani ijulikanayo kutoa tanzanaiti kwa biashara. Jiwe lilitambuliwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ilikwisha lipa jina na kulitangaza sokoni. Wachimbaji wa Mererani huitwa wana-Apolo, jina la vyombo vilivyowafikisha Wamarekani mwezini, ingawa safari ya hawa huenda chini. Na watoto wembamba waliopenyezwa katika mashimo yasiyopitika waliitwa nyoka. Mafuriko ya mwaka 1998, na mengine ya 2008, yaliwaua makumi ya watu mashimoni. Huu ndio ubeti ambao Wakanda haikuutunga.

Mwaka wenyewe wa filamu uliongeza mfano usiotafutwa. Mnamo tarehe 6 Aprili 2018, wiki chache baada ya pazia la mwanga la Wakanda kuonekana katika majumba ya sinema, Rais John Magufuli alizindua ukuta unaouzunguka mgodi wa Mererani, wenye urefu wa kilomita 24.5, uliojengwa na vyombo vya jeshi kwa miezi michache ili kuzuia utoroshaji. Nchi ya kubuni na nchi ya kweli zilikuwa zimefikia wazo moja: jiwe la pekee lizungushiwe kizuizi. Lakini katika sherehe ile ya kweli alisimamishwa mzee, Jumanne Ngoma, akatambuliwa mbele ya taifa kuwa ndiye mgunduzi wa jiwe, akapewa shilingi milioni 100. Miaka 51 ilikuwa imepita. Mapema mwaka 2019 alifariki dunia. Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na akasema anataka kujenga shule kwao Simanjiro. Watu wanaweza kubishana juu ya ukuta, juu ya bei, na juu ya nani amefaidi. Wanaweza kubishana kwa sababu katika kisa cha Mererani wamo watu wenye majina. Wakanda imewanyima watazamaji ubishi huo.

Lipo na tobo la pili, nalo limefichwa mwisho kabisa, baada ya majina ya kwanza ya watengenezaji. T'Challa anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kutangaza kwamba nchi yake haitajificha tena. Mjumbe mmoja anauliza taifa la wakulima lina nini cha kuupa ulimwengu. Mfalme anatabasamu, na picha inakatika. Wengi waliishangilia tabasamu ile. Lakini ni tabasamu ya mwenye silaha. Neno lake halihitaji kushinda kwa nguvu ya neno.

Chini ya Mlima Meru kuna kumbukumbu ya mtu aliyeingia katika ukumbi wa namna hiyo bila ya vibraniumu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa Meru, alifika New York na kuyaeleza madai hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wakili aliyeshirikiana naye alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mkutano wa Mwafrika na ndugu wa ng'ambo ya Atlantiki, ambao filamu iliuona kuwa lazima umalizike kwa kisu kifuani, ulikuwa umekwisha kutokea hapa kwa karatasi na hoja, na baadaye wawili hao wakaandika kitabu pamoja. Na hawakushinda: azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu. Lakini kesi ile iliwaamsha Watanganyika wengi katika miaka iliyotangulia kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Kushindwa kule kuna utoshelevu kuliko tabasamu ya T'Challa, maana kunaonyesha bei ya neno.

Haki inadai kusema kwamba filamu ya pili, *Wakanda Forever* ya mwaka 2022, iliurudia ukumbi ule. Chadwick Boseman alikuwa amefariki mwaka 2020, na mara hii aliyesimama ni malkia mfiwa, mbele ya mataifa makubwa yanayoyatamani madini ya nchi yake na kutuma watu wenye silaha usiku kuyaiba. Hapo mpinzani alipatikana, na onyesho likapata uzito ambao la kwanza halikuwa nao. Mchimbaji hakupatikana hata hapo.

Kwa hiyo wanaoihesabia *Black Panther* matobo ya maiti isiyotafutwa na miereka ya maporomoko wanamhukumu mtunzi kwa vina, ilhali vina vyake ni safi. Inastahili kutazamwa tena, na hasa na vijana wanaokaa baina ya Meru na Simanjiro, kwa sababu ni nadra kazi ya ukubwa huo kulichukulia jiwe la Kiafrika kuwa asili ya elimu badala ya laana. Inapotazamwa, kila treni inapopita juu ya lile shimo linalong'aa, mtazamaji na aulize walioko chini ni akina nani. Swali hilo halihitaji mwandishi wa Hollywood kulijibu. Wana-Apolo wana visa vyao, wana lugha yao, na wajukuu wa Ngarenanyuki wana vyao. Kinachongojewa ni mtunzi wa kuviandika, kwa Kiswahili, na kwa utoshelevu.