Upande wa Tatu katika Mgogoro wa Ardhi: Dunia Uwanja wa Fujo

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo (1975), imezoeleka kusomwa kama hukumu juu ya Ujamaa. Usomaji huo una ukweli, lakini unapita upesi mno mahali penye uzito. Tumaini haui kiongozi wa serikali kwa sababu ya shamba peke yake. Utaifishaji unamfikia kama amri, si kama shauri la kujadiliwa. Historia nayo haiko mbali: tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi wa shamba.

Hata hivyo, kwa kumfuata Tumaini kwa karibu mno, mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe, anawaweka kando vibarua waliolilima shamba hilo. Huu ndio udhaifu mkubwa wa riwaya. Msomaji wa Nyakato jijini Mwanza, ambako viwanda vinapakana na makazi, hatakubali kirahisi kwamba mgogoro wa ardhi una pande mbili tu. Mwenye mali anasikika, mwenye amri anasikika. Mwenye jembe anasimuliwa tu.