Aliyebaki na Ayubu: Mateso, Uponyaji na Utu katika Masimulizi Mawili

Jina la Bura limekaa pande zote mbili za Mto Tana. Magharibi ni Bura ya mradi wa umwagiliaji, ambayo tangu miaka ya 1980 ilipokea wakulima kutoka sehemu nyingi za Kenya, Wakristo wengi miongoni mwao. Mashariki ni Bura ya Fafi, katika Garissa, nchi ya wafugaji Wasomali ambao ni Waislamu. Msomaji wa Kiswahili anayevuka mto huo huvuka pia baina ya Maayubu wawili: yule wa Kitabu cha Ayubu katika Biblia ya 1952, na yule wa Utenzi wa Ayubu, ambao J.W.T. Allen aliuhariri katika Tendi (1971). Makala haya yanawasoma wote wawili ili kuhoji fundisho lililozoeleka katika mahubiri ya Kikristo, kwamba mateso humkomboa anayeteswa. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa kipimo cha fundisho hilo lenyewe, mhusika anayestahili sifa ya mkombozi katika kisa hiki ni mkewe Ayubu, wala si Ayubu.

Kwanza kuna tatizo la subira. Waraka wa Yakobo 5:11 unamtaja Ayubu kuwa kielelezo cha uvumilivu, na tangu hapo Wakristo wamemkumbuka hivyo. Lakini anayekisoma kitabu chenyewe hupata mtu mwingine kabisa. Kuanzia sura ya 3 Ayubu analaani siku aliyozaliwa, anadai kesi, anataka Mungu ajibu. Anayesubiri kwa kweli ni Ayubu wa mapokeo ya Kiislamu ambayo utenzi unayategemea: Korani 38:44 inamsifu kwa subira, na kilio chake katika 21:83 ni dua fupi tu, hakina mashtaka. Yaelekea wahubiri wengi wa Kikristo hushika Biblia mkononi huku wakimsimulia Ayubu wa utenzi. Lugha imewasaidia kukosea, kwani maneno subira, rehema, toba na imani yalikuwa yamekwisha kukomaa katika Uislamu wa pwani kabla ya watafsiri wa Biblia kuyaazima.

Tofauti ya pili inahusu uponyaji, na hapa matini ya Biblia inashangaza. Sura ya 42 inaeleza jinsi mali ya Ayubu ilivyorudishwa maradufu. Kondoo, ngamia, ng'ombe na punda wote wanahesabiwa. Majipu yaliyomfunika toka utosini hadi nyayoni hayatajwi tena. Msomaji hudhani tu kwamba yamepona. Katika Korani 38:42, kinyume chake, Ayubu anaamriwa apige ardhi kwa mguu, na maji baridi yanatokea, ya kuoga na ya kunywa. Mhakiki aliyezoea kuona ishara katika kila maji ya fasihi afikirie mara mbili kabla ya kuyafanya haya kuwa ishara. Kwa mfugaji wa Fafi, maji yanayobubujika katika ardhi kavu ni tiba, bila ya kuhitaji kufasiriwa. Hata hivyo, katika matini zote mbili mateso yenyewe hayaponyi. Uponyaji huja kutoka nje yake.

Nani basi anayekaa na mgonjwa mpaka uponyaji huo ufike? Katika Biblia mkewe hana jina. Anasema mara moja tu, katika 2:9, kisha anatoweka, hata watoto kumi wa sura ya mwisho wanazaliwa bila ya mama kutajwa. Mapokeo ya Kiislamu yanampa jina la Rahma, ambalo Waswahili wamelifanya Rehema, na yanampa kazi. Watu wanapomfukuza Ayubu kwa kuogopa ugonjwa wake, Rehema anambeba, anafanya vibarua kwenye nyumba za watu, na anauza nywele zake apate chakula. Kisha anakaribia kuadhibiwa: Ayubu ameapa kumchapa fimbo mia, na inabidi Mungu amfundishe kukitimiza kiapo kwa kumgusa na kitita cha nyasi. Inawezekana kusema kwamba Rehema ni mfano mwingine wa mke mtiifu, jamaa ya yule anayefunzwa na Mwana Kupona. Pingamizi hilo lina uzito, na kiapo kile hakimpendezi msomaji wa leo. Lakini linasahau jambo moja. Ayubu alitwikwa mateso. Rehema angeweza kuondoka. Fundisho la Kikristo husema mateso ya Kristo yalikomboa kwa sababu aliyakubali kwa hiari kwa ajili ya wengine. Kwa kipimo hicho, aliye karibu na msalaba ni Rehema.

Kaskazini Mashariki ya Kenya imelipima suala hili nje ya vitabu. Tarehe 11 Februari 1984 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa barua Salvifici Doloris kuhusu mateso yanayokomboa. Siku moja kabla yake, tarehe 10, wanaume wa ukoo wa Degodia walianza kukusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakafungiwa humo juani bila ya maji. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona waliokufa wakaribia elfu moja. Hakuna aliyechagua lolote pale, na kusema kwamba mateso yale yalikomboa kitu ni kuwasaidia waliofanya unyama. Haki itamkwe kwamba barua ya Papa yenyewe haiishii kwenye kusifu maumivu: inamfikia Msamaria Mwema, mtu anayesimama njiani.

Aliyesimama Wajir alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano mlei mwenye shahada ya sheria, aliyefika Kenya mwaka 1969. Kuanzia 1976 wahamaji wenye kifua kikuu walikaa manyatta karibu na mji, wakimeza dawa mbele ya mwangalizi kwa miezi sita. Baada ya Wagalla aliwatafuta majeruhi na kusaidia habari zitoke, akalazimika kuiacha Wajir. Aliuawa kwa risasi Borama, Somalia, tarehe 5 Oktoba 2003. Masimulizi ya kidini yanayomhusu hukimbilia risasi hiyo na kumwita shahidi. Kifani, huo ni udhaifu: mwisho unameza maisha. Kiini cha kisa chake ni miezi sita ya dawa, iliyorudiwa kwa kila mgonjwa, kazi ya Rehema hasa. Ayubu mwenyewe, anapojitetea katika sura ya 29, anaeleza haki yake kwa namna hiyohiyo: alikuwa macho ya kipofu na miguu ya kiwete.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo. Hawakuchagua, na mzazi aliyefiwa hana wajibu wa kusikia kwamba damu ya mwanawe imenunua kitu. Kitabu cha Ayubu kina ukurasa kwa ajili ya mzazi huyo. Marafiki watatu wanafika, wanaketi chini pamoja na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila ya kusema neno, kwa sababu wameona maumivu yake ni makuu mno. Elifazi anaanza kufafanua mateso katika sura ya 4.