Pikseli Nne Kutoka Busia Hadi Tororo

Kutoka Busia hadi Tororo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 27. Kwenye ramani ya gemu ya Hearts of Iron IV, umbali huo ni pikseli nne hivi. Hesabu yake ni ya haraka: picha ya ramani ya dunia ina upana wa pikseli 5,632, mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,000 na kidogo, na ikweta iko karibu nasi, basi kila pikseli inameza kilomita saba. Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, pamoja na wabadilisha pesa, bodaboda na foleni ya malori, zinaingia ndani ya nukta moja na nafasi ikabaki.

Gemu hiyo ilitolewa mwaka 2016 na Paradox, kampuni ya Sweden. Ndani yake mwaka ni 1936, Kenya na Uganda ziko mikononi mwa Mwingereza, na ardhi ya huku imekatwa vipande vikubwa vikubwa. Anayetaka Tororo iwe na kipande chake akichore mwenyewe. Wachezaji wanaiita kazi hiyo kumodi. Wapo wanaosifu kazi hiyo kwa picha zinazotokea mwishoni. Mimi huvutiwa zaidi na saa zinazotangulia, picha inapokataa na fundi anatafuta kwa nini.

Tuanze na ramani. Faili yake ni provinces.bmp, na humo kila kipande cha nchi kina rangi moja isiyotumika penginepo duniani. Rangi hiyo huandikwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, katika orodha iitwayo definition.csv. Mchezaji haioni kamwe. Ni gemu yenyewe inayoisoma. Anayeanza huchukua brashi, na brashi za programu za kuchorea zimefundishwa adabu: hulainisha ukingo kwa kutia rangi ya katikati pale rangi mbili zinapokutana. Kwa jicho mpaka unapendeza. Kwa gemu, hiyo rangi ya katikati ni nchi mpya isiyoandikishwa popote, na ziko kumi, ishirini, zimejipanga mpakani. Fundi hutumia penseli, ambayo kila pikseli huipa upande mmoja tu, na anapomwaga rangi hushusha kiwango cha kuvumilia tofauti hadi sifuri. Kisha huhifadhi BMP ya biti 24, na akiwa anatumia GIMP hutia tiki pale panaposema maelezo ya mfumo wa rangi yasiandikwe. Kwa ajili ya tiki hiyo moja watu wamekesha.

Kosa ninalolipenda zaidi ni la njia panda. Gawa eneo hili vipande vinne: Busia ya Kenya, Busia ya Uganda, Tororo na Teso. Kwa kuwa pikseli ni chache, ni rahisi sana pembe zote nne zikutane mahali pamoja. Gemu haikubali. Katika faili yake ya makosa, error.log, itaandika kwamba pana makutano ya X, na itataja pikseli yenyewe kwa namba mbili za mahali. Dawa yake ni kusogeza nukta moja: ama Tororo iguse Busia ya Kenya, ama Teso iguse Busia ya Uganda, zote mbili haiwezekani. Hapo mchoraji analazimika kujua jiografia ya kwao zaidi ya alivyodhani. (Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, ardhi iliyofika karibu na Naivasha, na hapakuwa na error.log ya kuwauliza.)

Bendera ni kazi nyingine. Gemu huzitaka kwa TGA ya biti 32, isiyobanwa, katika saizi tatu: 82 kwa 52, 41 kwa 26, na 10 kwa 7. Ya kwanza ikitokea juu chini, korongo wa Uganda miguu hewani, kosa si la mchoro. TGA hubeba taarifa ya pembe ambayo picha inaanzia, na programu ikianzia juu kushoto badala ya chini kushoto, bendera hupinduka. Mafundi wazoefu hawabahatishi. Huweka kwanza picha ya majaribio yenye herufi F kubwa na kila kona rangi yake. F ikipinduka utajua, ikigeuka kama ya kwenye kioo utajua, na kona ikikatwa utaona ni ipi. Ndipo bendera yenyewe irudi. Na hubadilisha kitu kimoja kwa wakati, jambo linalochosha kulitazama.

Saizi ndogo ndiyo inayomtambulisha fundi. Bendera ya Uganda ina mistari sita, nyeusi, njano, nyekundu, mara mbili. Safu za pikseli ni saba. Ukiiachia kompyuta ipunguze yenyewe, itagawa sita kwa saba na kuchanganya rangi, utapata uji wa kahawia. Kwa hiyo mtu hupanga kwa mkono, safu moja kwa kila mstari, na ya saba anaificha katikati, ambapo duara jeupe litaifunika kwa kiasi. Duara lenyewe huwa pikseli nne kwa tatu, wala si duara tena. Korongo hubaki nukta ya kijivu, iliyosogezwa kidogo kuelekea mlingoti kwa sababu ndiko anakotazama. Ya Kenya ina taabu yake: mistari myeupe ni myembamba mno, na ukiipa safu nzima kila mmoja, nyekundu hubaki na safu moja ikiwa nyeusi na kijani zitachukua mbili mbili.

Ile safu ya saba ya Uganda wengine huipa nyekundu. Mimi ningeipa nyeusi, maana pembeni mwa nyeusi lile jeupe hujitokeza vizuri zaidi.