Ufundi wa Hukumu Yenye Sababu

Wakazi wa Iguhu na vijiji jirani vya Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, wana mchezo ambao mshindi wake hahitaji kutangazwa na jaji. Mafahali wawili hukutanishwa uwanjani, ngoma za isukuti zikirindima, na anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Umati mzima umeona. Riadha ya leo haina bahati hiyo. Mkimbiaji hukata utepe mbele ya maelfu, kumbe ukweli wa mbio zile umo ndani ya chupa ya sampuli. Hapo ndipo anapohitajika fundi aitwaye msuluhishi.

Aliyeweka msingi wa ufundi huu ni Mwafrika: Kéba Mbaye wa Senegal, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Ndiye aliyeongoza uandishi wa kanuni za Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoanza mwaka 1984 mjini Lausanne, Uswisi. Rufaa ya kawaida husikilizwa na watu watatu. Kila upande huteua mmoja, nayo mahakama humteua mwenyekiti. Hivyo hata anayeshindwa ameshindwa mbele ya jopo lenye mtu aliyemchagua mwenyewe.

Uzuri wa kazi hii nauona zaidi katika kesi ya Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago. Sampuli yake ya Septemba 2014 ilikutwa na EPO, dawa iliyokatazwa michezoni, na Shirikisho la Riadha Kenya likampiga marufuku miaka miwili. Shirikisho la kimataifa lilikata rufaa CAS likitaka adhabu kali zaidi.

Jopo lilianza upya, likaupima ushahidi wote. Kufikia wakati huo kanuni mpya za 2015 zilikuwa zimefanya miaka minne kuwa adhabu ya kawaida kwa kosa la namna hiyo. Ingekuwa rahisi kuzishika hizo na kumaliza kazi. Lakini kosa lilitendeka 2014, na kanuni za 2014 zilisema miaka miwili, ikiweza kufika minne iwapo tu kuna mambo yanayolizidisha kosa uzito. Basi ilibidi mambo hayo yatafutwe ndani ya ushahidi wenyewe: safari nyingi za kwenda kwa daktari, safari hizo kufichwa meneja na kocha, maelezo yaliyobadilika mara kwa mara. Jopo likaona huo ni mpango, si ajali. Oktoba 2016 adhabu ikawa miaka minne, na ushindi wa Boston wa 2014 ukafutwa.

Unaweza kuipinga hukumu kama hiyo, lakini utajua upinge hatua ipi. Hicho ndicho kipimo cha ufundi. Tena CAS haifungwi na hukumu zake za zamani, ila mawakili huzinukuu na wasuluhishi huzisoma, na kesi moja baada ya nyingine sheria ya michezo ya dunia nzima imejengeka. Wasuluhishi wenyewe nao huchunguzwa. Julai 2025, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba mahakama kuu ya Uswisi haikuipima kwa kina cha kutosha hukumu ya CAS dhidi ya mkimbiaji Caster Semenya. Kazi inayogusa riziki ya watu inastahili ukali huo.

Kenya nayo, kwa Sheria ya Spoti ya 2013, iliunda jopo lake la kutatua mizozo ya michezo. Kijana wa Iguhu anayetia saini mkataba na klabu ana njia ya kudai haki, na mara nyingine njia hiyo humfikisha hadi Lausanne. Asome kipengele cha mizozo kabla ya kusaini, na aikumbuke tarehe aliyopokea uamuzi: kanuni za shirikisho zisiposema vingine, CAS hutoa siku 21 za kukata rufaa. Siku ya 22, hata kesi yenye haki tele haina wa kuisikiliza.