Gia Boksi Kwanza, Injini Baadaye

Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu, kikachapishwa na Haynes, kilichomwahidi msomaji kwamba anaweza kujijengea gari la michezo kwa pauni 250. Fremu ilichomelewa kwa mabomba ya chuma ya mraba yenye upana wa milimita 25, na karibu kila kitu kingine kilitoka kwenye Ford Escort iliyochakaa. Gari hilo likajulikana kwa jina la Locost. Aliyelisoma wazo hilo juujuu alidhani kazi yote ni ya kuchomelea. Lakini fremu ikishasimama juu ya matofali huwa ni sanduku tupu lenye swali moja zito: mtambo ukae wapi?

Umbo la Locost limerithiwa kutoka Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman alilizindua mwaka 1957. Wakati huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya mauzo kwa gari lililokamilika, lakini anayenunua vipande na kuviunga mwenyewe alisamehewa. Kuunga gari nyumbani kukawa njia ya vijana wenye mfuko mwepesi kumiliki gari la kasi. Kodi ya VAT ilipoanza mwaka 1973, nafuu hiyo ilikwisha, na mwaka huohuo Caterham ikachukua haki za kuendelea kuitengeneza Seven. Mpangilio haujabadilika tangu hapo: injini mbele, gia boksi katikati ya miguu ya dereva na abiria, propela fupi, kisha difu nyuma.

Escort ilifaa kwa sababu mpangilio wake ni huohuo. Mpaka toleo la pili, lililoishia mwaka 1980, injini yake ilikaa kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma. Injini yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Kent, yenye bloku ya chuma cha kusubu, nyepesi kueleweka na ngumu kufa. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake na ukoo huo. Escort RS1600 aliyoendesha Hannu Mikkola aliposhinda Safari Rally mwaka 1972 ilikuwa na injini ya BDA, ambayo Cosworth waliijenga juu ya bloku ya Kent.

Mjenzi mgeni huanza na injini. Huininginiza kwenye cheni bloku, huitafutia mahali panapopendeza chini ya boneti, kisha huanza kuchomelea vikalio. Hapo ndipo kosa huzaliwa. Injini ina nafasi ya kusogezwa mbele au nyuma kwa sentimita kadhaa. Gia boksi haina nafasi hiyo. Upana wake unapimwa na handaki lililo kati ya viti, mkia wake unapimwa na difu, na mkono wake wa gia sharti uangukie pale kiganja cha dereva kinapofika bila kunyoosha bega. Mambo hayo matatu yakishatimia, injini haina hiari tena: inafuata ilipoelekezwa.

Chaguo maarufu la wajenzi ni gia boksi ya Ford iitwayo Type 9, yenye gia tano, iliyotumika sana kwenye Sierra. Kuioanisha na injini ya Kent kunadai uangalifu. Shafti yake ya kuingilia ni ndefu kuliko ile ya gia boksi ya zamani ya Escort, na ncha yake lazima iingie ndani ya beringi ndogo iliyo kwenye kitako cha krenki. Ukifunga bolti wakati shafti inagusa mwisho wa tundu, unasukuma krenki mbele na gia boksi nyuma, na beringi za pande zote mbili zitalipa gharama. Kwa hiyo mjenzi huchagua mojawapo: nyumba ya klachi yenye kina zaidi, au shafti iliyofupishwa. Mafundi makini hupima kwa kalipa kabla ya kukaza bolti hata moja.

Kuna suala la uwiano pia, nalo halionekani kwa macho. Type 9 ya injini za silinda nne ina gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.65, ya pili 1.97, ya tatu 1.37, ya nne 1.00 na ya tano 0.82. Namba hizo zilipangiwa gari la familia lenye watu watano na mizigo. Tuziweke kwenye gari la aina ya Seven lenye difu ya 3.89 na matairi ya 185/60 ya rimu ya inchi 13, ambayo husafiri kama mita 1.73 kwa kila mzunguko. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika kwenye gia ya kwanza, gari limefika kilomita 44 kwa saa tu. Dereva akiingiza ya pili, mizunguko inaporomoka hadi 3,240 hivi, na injini iliyorekebishwa kwa mbio hupoteza pumzi palepale. Ndiyo maana wajenzi wengi hununua gia ya kwanza iliyo ndefu zaidi na kuifunga kabla gia boksi haijaingia garini. Baada ya hapo, kuifikia ni kushusha mtambo wote upya.

Propela nayo ina hesabu zake. Kwenye Escort ni ndefu, kwenye Seven imekatwa vibaya. Ekseli ya nyuma ikipanda milimita 50 gari linaporuka tuta, propela ya mita 1.2 huinama kwa nyuzi 2.4 tu, lakini ya sentimita 60 huinama karibu nyuzi 4.8. Krosi, yaani kiungo kilicho kwenye ncha ya propela, ikiinama haizunguki kwa mwendo sawa: kwa kila mzunguko hukimbia mara mbili na kupunguza mwendo mara mbili. Katika nyuzi 3 tofauti hiyo ni kama asilimia 0.14 kila upande, jambo dogo. Katika nyuzi 10 inafika asilimia 1.5, na dereva huisikia kama mtetemo unaopanda kutoka sakafuni.

Dawa yake ni ya zamani. Krosi mbili zikiwa na pembe zinazolingana, na uma zake zikiwa zimepangwa kwenye mstari mmoja, kosa la ya mbele linafutwa na la nyuma. Kwa hiyo shafti ya kutokea ya gia boksi na shafti ya kuingilia ya difu hulazwa sambamba, hata kama moja iko juu kuliko nyingine. Wala pembe isiwe sifuri kabisa, kwa kuwa sindano za beringi ndani ya krosi zisipojongea huchimba vijishimo mahali pamoja na kufa mapema. Mwishoni mjenzi husukuma ekseli hadi mwisho wa mwendo wake na kuhakikisha propela bado ina nafasi ya kuteleza ndani ya mkia wa gia boksi bila kugonga.

Baada ya vipimo hivyo ndipo vikalio vinapochomelewa, tena kwa nukta chache tu kwanza. Wazoefu hufanya jaribio hili kwa bloku tupu na kasha tupu la gia boksi, kwa sababu mzigo mwepesi unaweza kuinuliwa na kushushwa mara kumi kwa siku bila kuvunja mgongo wa mtu. Wakati huo hukaguliwa shafti ya usukani, mabomba ya eksozi, stata na kichujio cha oili. Kila kimoja kinahitaji nafasi, na injini iliyokaa juu ya mpira hucheza. Kilicho karibu na chuma kwa upana wa kidole kikiwa kimesimama, kitagonga barabarani.

Sampu huleta mgogoro wa mwisho. Kwa kuwa gari la aina hii hukaa chini sana, sampu ya kawaida, yaani bakuli la oili chini ya injini, huwa ndiyo kitu cha kwanza kukutana na jiwe. Wajenzi huikata, kuifupisha na kuichomelea upya, kisha huongeza mabawa ubavuni ili kurudisha ujazo wa oili uliopotea. Ndani huwekwa vizuizi vya bati ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona kali na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Bomba la kunyonyea nalo hufupishwa kwa kipimo kilekile, likiachiwa upenyo juu ya sakafu ya sampu. Anayesahau hatua hii ataua injini nzima ndani ya dakika chache.

Siku ya kufunga, injini na gia boksi huingia vikiwa vimeshaunganishwa. Sahani ya klachi imewekwa katikati kwa kutumia shafti kuukuu au kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo. Mkia hutangulia, ukiinama kuelekea handakini, huku mtu mmoja akilegeza cheni na mwingine akiuongoza kwa mkono kutoka ndani ya gari. Ujanja mmoja huokoa jioni nzima: Type 9 hujazwa oili kupitia tundu la ubavuni, na tundu hilo likishazama ndani ya handaki halifikiki kwa urahisi. Basi hujazwa mapema, na mkia huzibwa ili oili isimwagike mtambo unapoinamishwa.

Kabla ya kuwasha hubaki waya mmoja mnene, wa ethi, kutoka kwenye injini hadi kwenye fremu. Injini inakalia mpira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo ukisahaulika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, mara nyingi kebo nyembamba ya mafuta au ya klachi, na kebo huwaka nyekundu na kuungua mkononi mwa mwenyewe.

Kisha plagi zote nne hutolewa, na stata huzungusha injini bila moto. Macho yote huwa kwenye geji ya oili. Sindano ikiinuka na kutulia, plagi hurudishwa, na mtu mmoja huketi nyuma ya usukani huku mwenzake akisimama na kizima moto.