Heko kwa Watunzaji wa Shiftfs

Ndani ya kontena, mtumiaji namba 0 ndiye mwenye mamlaka yote. Nje, kwenye mashine yenyewe, huenda ni namba 100000 tu, asiye na haki yoyote ya pekee. Ulinzi huo una gharama: faili za mashine, zikionekana ndani, huwa kama mali ya mgeni namba 65534. Shiftfs, moduli ya Linux aliyoianzisha James Bottomley, ilioanisha namba hizo bila kugusa umiliki wa faili hata moja. Haikupokelewa kwenye kerneli rasmi ya Linux, hivyo kila toleo jipya liliweza kuivunja, na watunzaji wake wakairekebisha tena na tena. Nawapongeza kwa moyo wote! Mwaka 2021 toleo la 5.12 la kerneli lilileta njia rasmi ya kuoanisha namba hizo, kazi ya Christian Brauner, lakini mfumo wa faili wa ZFS uliipata 2023 tu.