Albamu ya Kwanza ya Kumsikiliza Neil Young: Anza na Wimbo Uliorekodiwa Mara Mbili

Anayetaka kuanza kumsikiliza Neil Young karibu kila mara huambiwa aanze na Harvest, na sababu inaeleweka. Albamu hiyo ndiyo iliyouzwa kuliko zote Marekani mwaka 1972, na ndani yake mna "Heart of Gold", wimbo wake pekee uliofika nambari moja kwenye chati za huko. Ni albamu nzuri. Lakini uzuri ni jambo moja, na kumfaa mgeni ni jambo jingine. Mkanada huyu, mzaliwa wa Toronto, ametoa albamu zinazotofautiana mno, hata mwaka 1983 kampuni ya Geffen ikamshtaki kwa madai kwamba anatoa muziki usiofanana na wa Neil Young. Shauri la ajabu, ila linaonyesha ugumu wenyewe. Mgeni wa kazi hii anahitaji albamu itakayompa kipimo cha kuzipimia nyingine zote, na kwa shughuli hiyo naichagua Rust Never Sleeps ya mwaka 1979.

Kipimo chenyewe ni hiki: wimbo ukivuliwa ala zake na kuvishwa nyingine, kinabaki nini? Mnunuzi mzoefu wa kitenge hukigeuza aone kama rangi imefika upande wa pili, na wimbo wa folk-rock nao hupimwa vivyo hivyo, kwa kuwa sanaa hii ina pande mbili, gitaa kavu na gitaa la umeme. Wasanii wengi hutuachia kazi ya kugeuza sisi wenyewe. Hapa mtunzi ameigeuza mwenyewe: upande wa kwanza wa santuri ni wa gitaa kavu, wa pili ni wa umeme. Albamu inafunguliwa na "My My, Hey Hey" na kufungwa na "Hey Hey, My My": wimbo mmoja, jina limepinduliwa, maneno yamebadilishwa hapa na pale. Ule wa kwanza ni mtu mmoja, gitaa kavu na hamonika, umerekodiwa mbele ya hadhira huko San Francisco mwaka 1978. Sikiliza nyuzi nene: zinashuka hatua kwa hatua, taratibu, na sauti inapita juu yake kama ya mtu anayewaza tu. Kisha sikiliza wa mwisho. Mshuko ni uleule, ila sasa umo kwenye gitaa la umeme lililofunguliwa mpaka sauti inachanika na noti zinagandamana. Ralph Molina wa Crazy Horse, kundi la Young, anapiga ngoma bila madoido, na mwenzake Billy Talbot na besi yake wala hajaribu kupamba. Tafakuri imegeuka kitisho, na muundo wa wimbo haujaguswa. Atakayeusikia mshuko ule mara zote mbili ameshapata ufunguo wa nusu ya kazi za Neil Young.

Kipimo hiki hakiishii kwenye wimbo mmoja. "Powderfinger", unaofungua upande wa pili, ni kisa cha kijana aliyeachwa peke yake nyumbani, akaona boti yenye silaha ikipanda mto, na anayekisimulia ni yeye mwenyewe aliyeuawa. Hapa Young anaupiga na Crazy Horse, na magitaa yanamsukuma kijana mbele kwa nguvu, utadhani bado yuko vitani. Lakini alikwisha kuurekodi peke yake mwaka 1976, na rekodi hiyo ikatoka 2017 katika albamu ya Hitchhiker. Kwa gitaa kavu, kijana yuleyule anazungumza kwa utulivu wa marehemu. Kisa hakikuongezwa neno la maana, na bado umri wa msiba umebadilika: huku unatokea, kule umekwisha.

Wapo watakaosema Crazy Horse hawajui kupiga. Kweli, ni wakwaruzaji. Lakini kwa Harvest Young alikuwa na wanamuziki hodari wa Nashville, na kwa nyimbo mbili London Symphony Orchestra nzima. Mtu mwenye uwezo wa kuwapata hao akarudi kwa Crazy Horse amechagua. Solo ya "Cinnamon Girl" ya mwaka 1969 karibu yote ni noti moja inayorudiwa, na ndiyo inayokumbukwa. Kwa hiyo usihesabu noti zake. Sikiliza anavumilia kukaa juu ya moja kwa muda gani, na nini kinatokea chini yake wakati huo.

Pingamizi zito zaidi ni la wapenzi wa After the Gold Rush ya 1970: kwamba wimbo kwa wimbo inaishinda. Nakubali. Tatizo ni kwamba humo pande mbili zimechanganywa. "Southern Man", pamoja na gitaa lake la hasira, unakuja mara tu baada ya wimbo laini wa mapenzi, na mgeni anaweza kuuona kama ajali. Na Decade, mkusanyiko wa nyimbo 35 alizozichagua mwenyewe mwaka 1977? Hiyo ni bidhaa ya mtu aliyekwisha kupenda. Kuhusu sauti yake nyembamba, ya juu na yenye kutetemeka, sina utetezi mrefu. Anayeikataa katika nyimbo tano za mwanzo za Rust Never Sleeps ataikataa kokote, na ni afadhali ajue mapema.

Anayesikiliza kwa simu, ambako santuri haina wa kuigeuza, asimame baada ya wimbo wa tano, apumzike, kisha aendelee. Akivutwa zaidi na hizo tano, aende After the Gold Rush, halafu Harvest. Akivutwa na nne za mwisho, achukue Everybody Knows This Is Nowhere ya 1969, yenye nyimbo mbili zinazozidi dakika tisa kila mmoja. Tonight's the Night, iliyozaliwa na vifo vya Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse, na Bruce Berry, mhudumu wa ala zao, isubiri hadi sikio lizoee sauti inayoachwa ipotoke makusudi. Trans, ambamo sauti hiyo imepitishwa kwenye mitambo mpaka haitambulikani, iwe ya mwisho kabisa, hata ukiikuta inauzwa kwa bei ya kutupa.